Mishale ya Kitoweo

Mama aliposema anataka supu ya kanga, mimi na baba tulitazamana juu ya kitanda chake. Si kuku, akasema, na si kanga wa kufugwa anayekula pumba uani kwa watu. Alimtaka kanga wa porini, wa shambani kwetu, aliyepigwa na baba kwa mshale. Alisema hayo kwa sauti ndogo, macho yake darini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kumsikia akitaja chakula kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilikuwa nimekuja Nyangamara kutoka Mtanda, Lindi mjini, ambako nina kiduka cha vitenge na nyuzi za kushonea. Baba alinipigia akasema, "Mama yako hataki kula," akakata, maana yeye anaamini simu ni ya kusemea jambo moja tu. Nikamwachia mume wangu duka na watoto, nikapanda gari asubuhi ileile.

Homa ndiyo iliyomwangusha mama. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa, homa ikatoka, lakini ilipotoka iliondoka na hamu yake ya kula. Muuguzi alinieleza wazi kwamba dawa imemaliza kazi yake, kilichobaki ni chakula, na mama asipokula mwili utakosa pa kujishika. Nikapika uji wa ulezi. Nikapika ndizi za nazi, nikachinja kuku, nikatengeneza mtori niliofundishwa na jirani yangu wa mjini. Wazee wamesema mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikumuuliza, nilimpelekea mpaka mdomoni. Akaufumba mdomo.

Na baba naye alikuwa na lake. Nikimwekea chakula anasema atakula mkewe akishakula. Sahani yake nilikuwa naiondoa kama nilivyoiweka. Yaani nilikuwa na wagonjwa wawili, mmoja amelala na mwingine anajifanya mzima. Mimi si mtu wa subira, yeyote anayenijua atakuambia, na niliwagombeza wote wawili kama wanangu. Mama aligeukia ukutani. Baba alitoka kwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi hatuna.

Kwa hiyo neno la kanga lilipotoka, baba hakusubiri. Alivuta kinu, akapanda juu yake, akaingiza mkono kwenye boriti na kushusha upinde na podo la mishale. Vumbi lilimwagika kichwani mwake, naye hakujipangusa.

Niseme kidogo kuhusu mishale ya nyumbani kwetu, maana ina taratibu zake. Baba si mwindaji wa kusifiwa. Ni mkulima wa korosho na ufuta, na upinde wake ni wa kulinda shamba. Mishale yake ni ya namna mbili. Iko mishale ya shamba, ya kumpigia nguruwe pori anayefukua mihogo, na hiyo haijawahi kuvuka kizingiti chetu, kwa sababu sisi ni Waislamu na iliyomgusa mnyama yule haichanganywi na vitu vya jikoni. Inalala kwa jirani. Jirani yetu ni Mkristo, wazazi wake waliteremka kutoka uwanda wa Makonde, na makubaliano yake na baba ni ya zamani kuliko mimi: baba analinda mashamba yote mawili, jirani anachukua nyama, na mishale anaitunza yeye. Halafu iko mishale ya kitoweo. Hiyo inakaa ndani, juu ya boriti, na ni ya kanga na kwale. Zamani hata paa, ila siku hizi paa haguswi bila kibali, na baba ni mtu wa kufuata sheria mpaka anakera.

Tulipoufungua mdomo wa podo, baba aliimimina mishale sakafuni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, na tangu hapo alikuwa hajaishughulikia mishale ile. Panya walikuwa wamekula manyoya yote. Dumuzi walikuwa wametoboa vijiti, ukikigonga kimoja kinamwaga unga. Vile vyuma vya mbele, ambavyo sisi tunaviita vyembe, vilikuwa vimeota kutu nyekundu.

"Hii imekufa, baba," nikasema.

"Chuma hakifi," akasema. "Kinalala."

Mimi nikaona njia ya mkato. Mishale ya shamba ilikuwa hai, jirani huinoa kila msimu. Nikaenda kwa jirani bila kuaga. Nilimkuta anapara samaki, nikamwamkia, nikamweleza shida. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mwanangu, mimi ningekupa hata shati langu," akasema. "Ila hii sikupi. Baba yako akijua imempiga kitoweo cha mama yako, hatakuja tena kukaa barazani kwangu. Na mimi nitakaa na nani?"

Nilirudi mikono mitupu, nimenuna. Baba alikuwa ameshaweka jamvi chumbani, pembeni ya kitanda. Alitaka kufanyia kazi ukumbini, kumbe mama alimwita. Alisema kama ni kelele za tupa, basi azisikie yeye.

Nikawa macho ya baba. Jicho lake la kulia linaona mbali vizuri tu, linamtambua mtu kwa mwendo kutoka upande wa pili wa bonde, lakini kitu kilichoko mkononi halikioni. Alinituma nikakate vijiti vipya kwenye kichaka cha nyuma ya mikorosho, nikarudi na mzigo, nikijiona nimefanya kazi kubwa. Alivipokea kimoja kimoja. Anakiviringisha kwenye kiganja, anakipinda kidogo, anakiachia, anakitupa. Anachukua kingine, anakipinda, anakitupa. Nilivyokuwa nimechoka na jua lile, nilitamani nimpige navyo.

"Hiki kina nini?" nikauliza.

"Kina uvivu. Ukikipinda kinachelewa kurudi."

"Na hiki?"

"Hiki ni kigumu mno, kitamkimbia mwenzake. Upinde hauzoei mishale miwili yenye tabia mbili. Ukitaka kupiga pale pale, vijiti viwe ndugu."

Vilivyobaki vilikuwa vichache. Akavipasha moto juu ya makaa, akavinyoosha kwa mikono na kwa meno, na kila alipomaliza kimoja ananipa nikitazame kwa jicho moja, nimwambie kimenyooka au kimepinda. Nilipomwambia kimenyooka kumbe bado, alijua kwa kidole.

Vyembe alivisugua kwa mchanga na majivu, akavipiga tupa, akamalizia kwenye kinoo kwa mafuta ya nazi. Ni vyembe bapa, vipana kama jani la mwembe mchanga, vilivyofuliwa kutoka springi ya gari bovu. Wengine kijijini hutumia msumari uliochongwa, ni rahisi na unaruka vizuri. Baba hataki. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani alimfundisha utotoni kwamba ndege akipigwa kwa makali, na jina la Mungu limetajwa, damu ikatoka, huyo ni halali hata akikatika roho kabla hujamfikia. Akiuawa kwa kishindo, kwa ubavu wa mti wa mshale, huyo ni nyamafu, sawa na aliyeanguka kutoka juu ya mti. Kwa hiyo kwetu sisi kunoa si ufundi peke yake. Chembe butu kinaweza kukuletea nyumbani nyama usiyoweza kula.

Na makali yale yalikuwa na shahidi wake. Tangu akili zangu zinanijia, baba akimaliza kunoa chembe humwita mama, na mama hung'oa unywele mmoja, akaushika ncha mbili, baba akaupitishia makali. Ukikatika bila kuvutwa, mshale uko tayari. Ukigoma, kinoo kinarudi, na maneno ya mama juu. Mimi nilidhani watu wote waliooana hufanya hivyo. Nilipoolewa nilishangaa mume wangu hajawahi kuniomba unywele.

Siku ile baba alishika chembe, akaangalia upande wa kitanda, akasita. Mama alikuwa amefumba macho. Nikavua mtandio, nikamwambia achukue wangu.

"Wako una dawa za saluni," akasema. "Hautasema kweli."

Kabla sijajibu ufidhuli huo, mkono wa mama ulipanda polepole ukaingia chini ya kilemba, ukatoka na unywele mweupe. Aliushika mwenyewe. Baba akautafuta kwa kidole kwanza, halafu akaupitishia makali. Unywele ukakatika, mama akasema, "Hicho sawa. Lete kingine."

Vyote vilipita mikononi mwake. Kimoja alikirudisha, akasema kinavuta, na baba alikirudisha kwenye kinoo bila ubishi. Niliwapenda sana siku ile, na niliwaogopea. Mama alipomaliza alikuwa amechoka, nikampelekea uji, akasema, "Nangoja kanga." Baba nilimpelekea wali, akasema anangoja pamoja naye.

Manyoya tulipata ya kanga wa zamani, mama alikuwa ameyaweka kwenye mkebe. Tukayabandika kwa ulimbo, marefu kuliko kawaida, kwa sababu chembe kipana kinashika upepo mbele, na nyuma pasipokuwa na kitu cha kukishinda mshale utakwenda unakotaka wenyewe. Vyembe tukavifunga kwa uzi wa nyavu. Juu ya uzi baba akapaka mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yanayobabua midomo ya watoto wanaokula korosho mbichi. Dumuzi hayagusi na maji hayapiti. Yakikauka, uzi na chuma na mti vinakuwa kitu kimoja. Shida yake yanakauka kwa muda wake, siku nzima kivulini, na ukitaka uhakika uyaongezee na usiku wake.

Baba hakutaka kungoja. Na mimi sikumwambia angoje. Mama alikuwa ameanza kusinzia hata unapozungumza naye, na mikono yake ilikuwa ya baridi. Baba alichukua mishale, akaenda jikoni, akaipitisha juu ya moto kidogo kidogo mpaka mafuta yakaacha kunata. Yaling'aa. Ukiyagusa yanaonekana makavu kabisa.

Asubuhi, baada ya sala, tuliingia shambani. Ufuta ulikuwa umeshavunwa, mabua yamesimama, na kanga wana desturi ya kuja kuokota mbegu zilizomwagika. Tulijibanza nyuma ya kibanda, mimi nimeshika mishale. Walikuja kwa miguu, wanapiga domo kama wanawake wanaotoka sherehe. Baba akavuta ugwe wa upinde, nikamsikia akisema bismillahi, akaachia.

Kundi lilipaa lote, akabaki mmoja. Nilikimbia mimi, na umri wangu huu, na kitenge kimenilegea. Nilimkuta amekufa. Nikamnyanyua juu nimwonyeshe baba, nacheka peke yangu. Baba alifika, akampokea, akaanza kumpapasa. Akafunua manyoya ya kifua, ya shingo, ya chini ya mabawa. Alipapasa tena kuanzia mwanzo. Damu haikuwepo. Mbavu upande mmoja zilikuwa zimebonyea.

Mshale tuliuokota mbele kidogo. Chembe kilikuwa kimelegea kwenye uzi, kimekaa upande. Moto ulikuwa umekausha mafuta juu tu, ndani yalikuwa bado mabichi, na mshale ulipoondoka chuma kikageuka na kuuzungusha. Ulimpiga kwa ubavu.

"Ni nyamafu," baba akasema.

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia mama yuko kitandani anakwisha, na Mungu anaona, na hata dini imemruhusu mwenye dharura. Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Angekuwa hana kingine cha kula, ningempa," akasema. "Lakini uji upo na wali upo. Alichotaka ni kanga wa mkono wangu. Nikimpa huyu, nitakuwa nimempa kitu kingine na kumwambia ndicho."

"Hatajua."

"Atanitazama, mama," akasema. Baba huniita mama akiwa hana tena nguvu ya kubishana. Alimfukia yule ndege chini ya mkorosho kwa mikono yake, na mimi nilisimama pale nimekunja uso, kisha nikainama kumsaidia.

Tulirudi. Nilitaka nimtungie mama uongo mdogo, kwamba kanga hawakuja, ila baba alimweleza yote, tangu kuipitisha mishale juu ya moto. Mama alifumbua macho.

"Nilisikia harufu jana," akasema. "Nikasema moyoni, mzee yule anababua mafuta yangu."

"Nilikuogopea," baba akasema.

"Yaache yakauke. Mimi sina pa kwenda."

Walikata uzi, wakafunga upya. Nasema walifunga kwa sababu mama ndiye aliyeshika ncha ya uzi huku baba akizungusha. Kisha baba akasimamisha kila mshale ncha chini juu ya ukucha wa kidole gumba, akauzungusha kwa vidole vya mkono mwingine. Chembe kikikaa sawa, mshale unazunguka umetulia na ukucha hausikii kitu. Kikikaa upande hata kidogo, ukucha unakwaruzwa. Macho hayahitajiki hapo. Akapaka mafuta, akaitundika kivulini chini ya paa la baraza, akakaa.

Siku ile sitaki irudi. Jua lilikuwa limesimama. Nilikwenda kuigusa ile mishale mara sijui ngapi, na kila mara kidole kinarudi na weusi. Nilimpelekea mama maji ya madafu, akalowesha midomo tu. Nilimpelekea baba muhogo, akashukuru na kuuweka chini. Mchana jirani alikuja na ungo wa mchele, akakaa na baba barazani, wote wawili wanaitazama mishale. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu niliona wazi kwamba mama yangu anaweza kufa huku sisi tunangoja mafuta yakauke, na baba atamfuata kwa ukaidi wake, na mimi nitarudi Mtanda kuuza nyuzi.

Kesho yake kidole changu kilirudi safi.

Tulikwenda palepale. Baba alichukua muda mrefu kuchagua, aliizungusha tena yote juu ya ukucha, akabaki na mmoja. Kanga walikuja wachache, wana wasiwasi. Baba alitaja jina la Mungu, akaachia, na safari hii niliusikia mshale ukienda bila mluzi, umenyooka.

Ulimpata mmoja penye bawa. Nilimfikia bado anapigapiga, damu inatoka, na baba akaja na kisu akamchinja mwenyewe, mikono yake imetulia kabisa. Alikaa chini kwenye mabua, kanga mapajani. Nikamuuliza vipi. Akasema tumpe dakika, akakaza kamba ya suruali.

Nyumbani nilimnyonyoa kanga, nikamchemsha na ndimu na tangawizi na chumvi kidogo, moto wa polepole, maana nyama ya porini ni ngumu. Nilipopakua nilifanya kama alivyonifunza mama. Firigisi niliiweka pembeni kwenye kisahani. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mtoto akiidokoa hupigwa, na mke haionji.

Nilimwinua mama, nikamwekea mito mgongoni. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuichukua firigisi kwa vidole na kuipeleka mdomoni kwa mama.

Mama akakwepesha uso. Nilisema kimoyomoyo, basi, hata hii hataki.

Akanyoosha mkono, akaichukua ile firigisi kutoka kwenye vidole vya baba. Ilimchukua muda, mkono wake ulikuwa mzito. Akampelekea yeye.

"Fumbua mdomo," akamwambia. "Suruali unaifunga kwa kamba, unafikiri mimi sioni? Wewe unaningoja mimi, mimi nakungoja wewe. Nani atamzika mwenzake?"

Baba akasema, "Kula wewe kwanza."

"Ningejiombea mimi, ningeomba kitu laini," mama akasema. "Nilijua kwa neno langu utatoka kitandani kwangu uende ukatembee, upate njaa. Fumbua."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Machozi yalinitoka na sikujificha. Siku zote zile nilikuwa namhesabu mama peke yake kuwa ndiye mgonjwa, na baba kuwa mkaidi, kumbe mama kitandani alikuwa na mgonjwa wake.

Baba alifumbua mdomo. Alitafuna taratibu, firigisi ya porini si mchezo, na mama alimtazama kooni mpaka akaona imeshuka. Ndipo akafungua mdomo wake.